Mama, mizani haijashuka? Usiache kutembea

DADA yangu ana duka la vitenge Biharamulo mjini. Mwaka jana, usiku mmoja nikiwa nyumbani kwangu Ngara, alinipigia simu. Hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri. Akasema, "Mdogo wangu, mimi naacha. Nimetembea miezi mitatu watu wananicheka, leo nimepanda mizani nimepungua kilo mbili tu. Kilo mbili!"

Nilimwacha amalize hasira zake. Kisha nikamuuliza, "Na presha je, dada?"

"Presha wamesema 138 kwa 86," akajibu, kama mtu anayetaja bei ya kiberiti.

Miezi mitatu kabla, presha hiyo ilikuwa 148 kwa 94. Mama yetu alianguka jikoni akimenya ndizi, akiwa na miaka 57. Kiharusi. Aliishi siku nne. Dada yangu sasa ana miaka 49, ana umbo la mama, ana mwendo wa mama, na aliporithi vikombe vya mama nadhani alirithi na presha yake. Kwa hiyo habari aliyoitaja kwa kudharau ndiyo iliyonifanya nikae chini. Kilo mbili zilimliza, na hakuona kwamba ndani ya mwili wake kuna kitu kikubwa kimebadilika.

Mpenzi msomaji, wiki hii nataka tuongee na akina mama wanene, na waume zao, na mabinti wanaowatazama. Kupunguza kilo tutakugusa kidogo tu. Zaidi tutaongea juu ya mishipa ya damu.

Mshipa si bomba

Wengi wetu tunadhani mshipa wa damu ni kama bomba la maji: damu inaingia huku, inatokea kule, na likiziba ndiyo mwisho. Sivyo. Mshipa ni kiungo hai. Kwa ndani umetandikwa utando mwembamba sana wa chembe hai, safu moja tu. Utando huo ndio unaoamua mshipa upanuke au ubane.

Damu inapopita kwa kasi, mfano unapopanda mlima, inausugua ule utando. Utando ukisuguliwa hutoa gesi kidogo iitwayo nitriki oksidi. Gesi hiyo inaiambia misuli ya ukuta wa mshipa, "Legea." Mshipa unapanuka, damu inapita kwa raha, moyo haulazimiki kusukuma kwa nguvu nyingi. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1998 Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sasa unene unaingiaje hapa? Mafuta ya tumboni, hasa yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo, hayakai kimya kama mafuta kwenye kopo. Yanatoa kemikali zinazoingia kwenye damu na kuuchosha ule utando. Sukari ikianza kupanda, inauchosha zaidi. Utando uliochoka hutoa gesi kidogo. Mshipa unakuwa mgumu, haupanuki unapotakiwa kupanuka, na presha inapanda polepole bila kuuma popote. Ndiyo maana watu hushtuka. Mtu anasema, "Mbona nilikuwa mzima?" Alikuwa anajisikia mzima, lakini mishipa yake ilikuwa imeanza kukakamaa miaka mingi nyuma.

Kwa sisi wanawake kuna jambo la ziada. Tukiwa bado tunaona hedhi, homoni ya estrojeni huilinda mishipa yetu kwa kiasi fulani. Hedhi ikikoma, ulinzi huo unapungua, na mafuta nayo yanahamia tumboni. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 45 hadi 55 aliye mnene anapoteza ngao wakati uleule vita vinaanza. Dada yangu yupo hapo hapo.

Mazoezi yanafanya nini

Wataalamu wana namna ya kupima utando huu bila kumkata mtu. Wanamfunga mkononi ule mkanda wa kupimia presha, wanaubana kwa dakika 5, kisha wanauachia ghafla na kutazama kwa altrasaundi mshipa wa mkono umepanuka kiasi gani damu inaporudi kwa kasi. Mshipa wenye afya unapanuka vizuri. Uliochoka unapanuka kidogo tu.

Wanawake wanene wamepimwa hivyo kabla na baada ya mazoezi ya wiki 8, wiki 12 au zaidi, katika nchi mbalimbali. Kinachojirudia ni hiki: wakifanya mazoezi ya kutoa jasho mara kwa mara, mishipa yao huanza kupanuka vizuri zaidi, hata pale ambapo uzito umepungua kidogo sana au haujapungua kabisa. Kwa wenye presha ya juu, mazoezi ya kutembea haraka, kuendesha baiskeli na mfano wa hayo hushusha namba ya juu ya presha kwa takriban 5 hadi 8. Dada yangu alipunguza na chumvi, ndiyo maana yake ikashuka 10.

Kwa nini mishipa itangulie na kilo zichelewe? Kwa sababu kila unapotembea haraka, damu inausugua utando, nao unajifunza upya kazi yake. Hilo linaanza siku ya kwanza. Kilo ni hesabu nyingine. Chupa moja ya soda na maandazi mawili yanaweza kurudisha nguvu yote uliyoitumia kwa mwendo wa nusu saa na zaidi.

Mfano mzuri uko hapa hapa Tanzania. Watafiti waliokaa na Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi walichapisha mwaka 2012 kwamba watu hao, pamoja na kutembea na kuchimba mizizi kutwa, kwa siku hawatumii nishati nyingi kuliko mtu wa Ulaya au Marekani ukizingatia ukubwa wa mwili. Mwili una ujanja wake wa kubana matumizi. Lakini utafiti mwingine wa 2017 ulionyesha Wahadzabe wanafanya shughuli za kutosha kuharakisha moyo kwa zaidi ya saa 2 kila siku, na dalili za ugonjwa wa moyo kwao ni nadra. Maana yake, mwendo unaweza usikukondeshe ulivyotarajia, na bado ukaulinda moyo wako.

Makondakta wa London

Kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Wote ni watu wa kazi moja, mshahara haupishani sana, mitaa ileile. Dereva amekaa siku nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi akidai nauli. Madereva ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa wa moyo.

Watu wakabisha: huenda wanene ndio wanaochagua udereva. Morris akatafuta vipimo vya sare zao, kiuno cha suruali. Kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi. Lakini alipowalinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, makondakta bado walikuwa na nafuu. Kondakta mnene alikuwa salama kuliko dereva mnene.

Mama mwenye duka, mama wa ofisini, mwalimu uliyekaa unasahihisha madaftari, jiulize: mimi ni dereva au kondakta?

Tumenenepaje?

Bibi zetu wa Ngara hawakuhitaji makala haya. Maji yalikuwa bondeni, shamba lilikuwa ng'ambo ya kilima, na soko lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu na kikapu kichwani. Leo, tunamshukuru Mungu, bomba lipo karibu kwa wengi, bodaboda inakufuata mlangoni, na lami kutoka Lusahunga hadi Rusumo imeleta biashara. Mama aliyekuwa analima sasa anauza duka, anakaa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, chai yenye vijiko vitatu vya sukari mezani, chapati pembeni.

Hali hii si ya wilaya zetu mbili tu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Ule wa 2015/16 ukakuta 28. Na uchunguzi wa mwaka 2012 wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takriban robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu.

Halafu kuna jambo la mila. Kwetu mwanamke akinenepa baada ya ndoa, wakwe wanafurahi. "Anatunzwa." Akikonda, mume anaulizwa maswali. Mzazi akitoka kujifungua tunamlisha uji wa maziwa, mchuzi na ndizi hadi afure, na tunaita huko kupona. Simlaumu mtu. Zamani njaa ilikuwa karibu, na mwili mnene ulikuwa akiba. Lakini ngazi tuliyopandia siku hizo si ya kushukia leo.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku 2 za mazoezi ya kutia misuli nguvu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku, siku 5. Huhitaji jimu. Ngara yenyewe ni jimu, ukitoka mlangoni umekutana na mlima.

Utajuaje kama mwendo ni wa wastani? Ukiwa unatembea uweze kuongea, ila ushindwe kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

Hivi ndivyo dada alivyoanza, nami nakupa kama alivyonipa:

Wiki 2 za kwanza, dakika 10 asubuhi kabla ya kufungua duka, na dakika 10 jioni. Tambarare tu. Mtu mnene akianza kwa kukimbia, magoti yatamkataa wiki hiyohiyo.

Wiki ya 3 na ya 4, dakika 15 asubuhi na 15 jioni.

Kuanzia mwezi wa 2, nusu saa kwa siku, siku 5, na siku 2 kati ya hizo anapita njia yenye kilima. Akifika juu anapumzika, anashuka polepole.

Mara 2 kwa wiki, mbele ya kiti imara dukani: kaa, simama bila kushika kitu, mara 10. Pumzika, rudia mara 2 zaidi. Kisha asukume ukuta kwa mikono miwili mara 10. Ukiona ni utani, jaribu.

Na kwa wanaokaa kutwa: kila baada ya nusu saa simama, panga vitenge, zunguka duka. Mishipa ya miguu haipendi kukunjwa saa nyingi.

Jambo moja la kweli lazima niliseme. Faida hii haihifadhiki benki. Ukiacha mazoezi wiki chache, utando unaanza kurudi ulikokuwa. Afadhali dakika 20 utakazozifanya miaka 10 kuliko saa 2 utakazozifanya mwezi mmoja.

Watu watasema nini?

Hapa ndipo akina mama wengi wanakwama. Dada aliniambia wiki ya kwanza kijana mmoja wa bodaboda alimwita, "Mama, panda bure, utafia njiani." Majirani wakauliza asubuhi yote hii anatoka wapi. Mwingine akasema amepata mchepuko.

Dawa yake ilikuwa kikundi. Aliwaambia wenzake wa VICOBA, wakapatikana wanne. Siku ya kukutana wanafika kwa miguu, kisha wanatembea pamoja kabla ya kuhesabu hisa. Mwanamke mmoja akitembea haraka watu wanauliza ana nini. Wakiwa watano, watu wanasema ni mazoezi. Wanavaa raba na kitenge juu ya suruali, mambo yanaendelea.

Tena jambo hili si geni nchini. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Na jirani zetu ng'ambo ya Rusumo, pale Kigali, tangu mwaka huohuo 2016 wana Jumapili ambazo barabara hufungwa kwa magari ili watu watembee na kukimbia. Wanawake wanene wamo, na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi.

Baba unayesoma hapa, kuna maneno yako pia. Mkeo hawezi kutoka saa kumi na mbili asubuhi ikiwa yeye ndiye anayewasha moto, anayeogesha watoto na anayekutafutia soksi. Shemeji yangu alikubali kuchemsha chai asubuhi tano kwa wiki. Ndilo lililoiwezesha safari nzima. Usimwambie mkeo "umekuwa gunia". Aibu haijawahi kupanua mshipa wa mtu. Mwambie, "Ngoja nivae viatu, twende wote."

Tahadhari kabla hujaanza

Pima presha na sukari kwanza. Zahanati nyingi wanapima. Ikiwa presha ni 180 kwa 110 au zaidi, usianze mazoezi. Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo.

Kama unatumia dawa za presha au kisukari, endelea nazo. Mazoezi hayafuti dawa. Anayeweza kukupunguzia dozi ni daktari baada ya kukupima. Presha 138 kwa 86 ya dada yangu ni nafuu, si kupona, na kliniki hajaacha.

Ukiwa mjamzito, kutembea kwa kawaida ni kuzuri, lakini muulize mhudumu wa kliniki kwanza. Unene huongeza hatari ya kifafa cha mimba. Mjamzito anayeumwa kichwa sana, kuona maruweruwe au kuvimba uso asisubiri kesho.

Ukitembea ukahisi kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, au kizunguzungu, simama, tafuta msaada. Mtu yeyote mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hiyo ni dharura ya dakika hiyo. Mama yetu tulimlaza kwanza tukasema amechoka. Tulipoteza saa sita. Nakuandikia ili wewe usizipoteze.

Na njia: msitembee kandokando ya barabara kuu gizani. Malori ya Rwanda na Burundi hayana subira. Tumieni njia za ndani, na mkilazimika kupita barabarani, piteni upande wa kulia ili muyaone magari yanayokuja mbele yenu.

Upande wa chakula niseme machache. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mboga. Soda iwe ya sherehe. Ndizi na maharage yetu hayana ubaya. Ubaya ni kikombe cha mafuta tunachomwagia juu. Pika kwa kijiko, usipike kwa kumimina.

Kilo mbili

Nirudi kwenye ile simu. Nilimweleza dada kama nilivyokueleza wewe, kuhusu utando, gesi na makondakta. Akasikiliza, kisha akauliza swali lililonimaliza: "Kwa hiyo mama angekuwa anatembea, angekuwepo?"

Sikumjibu ndiyo. Hakuna anayejua, na mama alikuwa na presha ya miaka mingi isiyopimwa. Nilimwambia, "Mama hakuna aliyempima. Wewe umepimwa." Kesho yake asubuhi alitoka tena.

Binti yake wa miaka 12 siku hizi humfuata hadi kona ya pili, kisha anakimbia kurudi kujiandaa na shule. Hajaambiwa na mtu. Anamwona mama yake anavaa raba, naye anavaa ndala zake. Mizani ya dada mwezi uliopita ilisoma pungufu ya kilo nne tangu aanze, na hajapiga simu kulia. Alipiga kuniambia presha ni 134 kwa 84, na kwamba yule kijana wa bodaboda siku hizi anamwamkia.

Wiki hii fanya jambo moja tu: nenda kapime presha, uiandike mahali. Kisha tembea dakika 10. Tukutane wiki ijayo.